Baiskeli ya Mchanga wa Msimbati

Bi Mwanahawa tulimzika Msimbati mwezi uliopita, na mimi nililia mpaka nikaaibisha watu. Binti zake wa kuzaa walikuwa wamekaa mkekani wametulia, wanapokea pole kama inavyotakiwa, na mimi, mtalaka wa mwanawe, mwanamke niliyeachwa nikiwa na miaka ishirini na mitatu na sasa kichwa kimejaa mvi, ndiye niliyekuwa nagaragara. Wifi yangu mmoja akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Wewe nawe! Huyu alikuwa mama mkwe wako au mama yako?" Nikajifunika uso kwa kanga ile ile. Kuna jambo tulilifanya mimi na yule bibi, au niseme tulitaka kulifanya, na miaka yote hii limekuwa letu wawili. Aliniapisha nisilitamke yeye akiwa hai, kwa sababu nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa ya mwanawe na chakula alichokula kilitoka mkononi mwa mwanawe. Sasa hayuko hai. Nitalitamka, tena lote, pamoja na ile sehemu ambayo hata yeye hakuijua, sehemu ya upumbavu wangu mwenyewe. Na ili nilitamke inabidi nianze na baiskeli. Mnivumilie, maana mwaka ule kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine ila baiskeli na mtoto.

Mtoto ni Rukia. Alikuwa na miaka mitatu na miezi. Baba yake, Shaibu, aliponiacha tuligawana vyombo bila kelele, mtoto akabaki kwangu mjini Mtwara. Idd ya mwaka ule akaja na gauni jipya na biskuti, akasema anampeleka Msimbati akamsalimie bibi yake, siku tatu tu. Nikampa. Siku tatu zikaisha, wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Nikaenda kwa mtendaji wa kata, akaniambia andika barua. Nikaandika. Nikaenda kwa shehe, akaniambia, "Mtoto yuko kwa baba yake, binti, hajapotea." Nikamwambia kwangu mimi amepotea, shehe, kwangu nikiamka hayupo. Akanitazama kwa huruma, akaniambia nisubiri. Wallahi neno lile nililichukia mwaka ule kuliko tusi lolote. Mwisho nikapanda pikipiki mpaka Msimbati, nauli iliyokula mshahara wangu wa wiki mbili, na Rukia aliponiona akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Miezi miwili tu, na alikuwa ananichungulia kama mgeni. Bi Mwanahawa wakati huo hakuwa upande wangu. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Kama unataka kumwona, njoo Ijumaa, mchana. Kulala hapa hulali, wewe si mke wa mtu hapa tena."

Nilirudi chumbani kwangu nikalia, kisha nikapiga hesabu ya siku. Nilikuwa nabangua korosho kwenye kiwanda kidogo cha mtu binafsi, banda la mabati lenye meza ndefu na wanawake ishirini, na Ijumaa mwenye kiwanda alikuwa anafunga. Jumamosi alfajiri lazima uwe mezani, la sivyo nafasi yako ina mtu. Gari za Msimbati siku hizo zilikwenda leo zikarudi kesho. Pikipiki sikuiweza. Nikauliza, je, kwa baiskeli? Wenzangu mezani walicheka mpaka wakaacha kubangua. Kutoka mjini mpaka Madimba sawa, walisema, lakini kuanzia hapo ni mchanga, mchanga wa kweli, mguu unazama mpaka kifundoni. Wanaume wenyewe wanazisukuma baiskeli zao. Sikucheka nao. Nilikuwa nimekwishaamua, na mimi nikiamua kitu nakuwa mbishi hasa, ndiyo tabia yangu na ndiyo iliyoniponza.

Fundi Likwata alikuwa na kibanda chake nyuma ya soko, bati nne na benchi, na alikuwa mtu asiye na subira hata na salamu. Nilipomwambia nataka kununua baiskeli ya kwenda Msimbati na kurudi siku moja, hakucheka. Aliendelea kunyoosha spoki, kisha akasema, "Baiskeli ya mchanga hainunuliwi, mama Rukia. Inaundwa." Akaniambia atanifungia bure, lakini kila kipande nikachague mwenyewe, nikishike, nijue kwa nini nimekichukua. "Njiani utakuwa peke yako. Kitu hukukichagua, kikikufia hutajua kinaumwa wapi." Nilimwona msumbufu tu, mzee anayetaka kunifundisha ufundi kwa lazima. Leo najua alikuwa ananipa kitu kikubwa kuliko baiskeli, na najua nilichokifanya nacho.

Vipande vilikuwa Mikindani, kwa Mama Shirini, kwenye stoo yake ya chini ya nyumba ya mawe. Alikuwa mama wa Kihindi, mnene, mwenye miwani ya kamba, na baiskeli za mtumba zilimfikia zimefungwa mafungu mafungu, nyingine mbovu, nyingine karibu mpya. Stoo ilikuwa na giza na harufu ya mpira, na yeye alikaa mlangoni penye mwanga, sahani ya chapati na achari mapajani, anakula huku anauza. Nilipoingia mara ya kwanza wanaume wawili waliokuwa wanatafuta tyubu wakaanza kusemeshana kama mimi kiziwi. "Anataka ya gia, huyo." "Ya kwenda wapi?" "Atakuwa anamfukuzia mwanamume." Mama Shirini hakuacha kutafuna. "Nyie mmekuja kununua tyubu au kununua habari? Tyubu hizo hapo." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, njoo ndani, usisikilize majitu haya. Unamfuata nani?" Nikamwambia, namfuata mtoto wangu. Akaweka sahani chini. Kuanzia siku hiyo kila fungu likifunguliwa aliniitia kwanza mimi.

Nilianza na fremu. Kulikuwa na moja ya aluminiamu, nyepesi, unaiinua kwa kidole kimoja, rangi ya machungwa, nzuri jamani, nikaipenda mara moja. Fundi akaigonga na spana, akanuna. "Hii ikikatika Madimba nani ataichomea? Chukua chuma. Chuma kila mchomeaji anakijua." Nikairudisha kwa uchungu, nikachukua ya chuma, nyeusi, ya mwanafunzi wa Ulaya huko, bomba lake la juu limeinama ili baibui lisikwame. Foku ya mbele nilitaka yenye springi. Akakataa. Springi mchangani inakula nguvu zako, alisema, na ikishaonja chumvi ya bahari inakuwa pambo. Tairi tulikubaliana mara moja, pana kuliko zote, na akanifundisha kwamba kwenye mchanga hujazi upepo, unapunguza, mpaka tairi ilale kidogo, ipite juu ya mchanga badala ya kuchimba. Gia za mbele akazing'oa zote akabakiza moja. "Kila gia ya ziada ni mlango wa mchanga." Kila Ijumaa kitu kimoja, kulingana na nilichopata. Kila kipande kilikuwa wiki nyingine bila kumwona Rukia, na nilipokuwa nashika pedeli mkononi stooni nikilinganisha ya plastiki na ya chuma, nilikuwa nafikiri, wiki hii amejifunza neno gani jipya ambalo mimi sikulisikia? Siku moja nilikaa chini pale pale kwenye mafungu ya baiskeli nikashindwa kusimama. Mama Shirini akaniletea chai, akaniambia, "Chagua, mwanangu. Ukilia macho hayaoni vizuri." Nikachagua ya chuma.

Keria ndiyo iliyozua maneno. Baiskeli za namna ile hazifungwi keria, na fundi aliniuliza ya nini. Nikamwambia wewe nifungie, ya nondo, imara. Akaikunja na kuichomelea mwenyewe. Kisha nikachukua kiti kidogo cha plastiki cha mtoto, nikakikata miguu, nikakifunga juu ya keria kwa mipira ya tyubu, nikakijaribu kwa kukiwekea jiwe. Fundi Likwata alitazama kile kiti, akanitazama mimi, akaelewa, na hakuuliza tena. Sikuwa na mpango wowote bado, Mungu shahidi. Nilitaka tu baiskeli yangu iwe na mahali pake.

Kipande cha mwisho kilikuwa friwili, ile duara yenye meno inayokaa kwenye gurudumu la nyuma, ambayo ukikanyaga inashika na ukiacha kukanyaga inalia tik-tik-tik. Mama Shirini alikuwa na mpya inayong'aa na kuukuu ya Kijapani. Fundi aliniambia nisizitazame, nizisikilize. Nikaweka moja sikioni, nikaizungusha, kisha nyingine. Mpya ililia ovyo, kama mtu anayekohoa. Kuukuu ililia sawasawa, tik-tik-tik, kila jino na zamu yake. Nikaichukua hiyo, na fundi kwa mara ya kwanza akanisifu, akasema, "Sasa unajua." Akanieleza kwamba ndani mna vijiulimi viwili vya chuma, vidogo kama kucha za mtoto mchanga, vinavyoinuka na kushika. Mlio ule ndio uhai wao. "Hii usiipe grisi. Matone mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Kitu kizito kikiingia humu, vijiulimi vinalala." Aliyasema hayo wazi, kwa Kiswahili, mbele ya uso wangu.

Ijumaa ya kwanza niliondoka baada ya swala ya alfajiri na nikafika kabla jua halijawa kali. Madimba nilishuka nikapunguza upepo, na tairi zikapita. Zikapita, jamani! Nilikuwa nakanyaga huku nacheka peke yangu kama mwendawazimu, watu wa mashambani wanasimama kunitazama. Rukia alijificha tena, lakini kengele ya baiskeli ikamtoa. Akaipiga mara moja, akakimbia, akarudi, akaipiga tena. Ijumaa ya pili alikaa mapajani pangu tukala ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, anaimenya na kunilisha. Ijumaa ya tatu akaniuliza, "Wewe ni mama wa baiskeli?" Nikamwambia mimi ni mama, basi, baiskeli ni ya kunileta tu. Akafikiri, akasema, "Mama wa baiskeli." Niliingia chooni nikang'ata kanga.

Wiki ile ile niliona kutu. Hewa ya kule inakula chuma, na mara mbili nilikuwa nimepita ufukweni maji yakiwa yametoka, kwa kuwa mchanga wenye maji ni mgumu na baiskeli inateleza vizuri. Friwili ikaanza kuwa na vumbi jekundu kwenye meno. Matone mawili ya mafuta ya cherehani niliyaona utani. Mimi ni mbanguaji, mimi naijua korosho. Maganda yake yana mafuta meusi, makali, yanayochubua ngozi, mpaka leo vidole vyangu vina alama zake. Kijijini kwetu nguzo za nyumba zinapakwa mafuta hayo kabla ya kusimikwa, na mchwa hawazigusi miaka na miaka, na wavuvi wanapaka mbao zao maji yasiingie. Nikasema, kitu kinachoshinda mchwa na bahari kitashindwa na kutu? Nikachukua kiwandani kwenye kopo la nyanya, nikalaza gurudumu, nikaimiminia friwili mpaka ikashiba. Nikaizungusha. Ile tik-tik-tik ikapungua, ikawa laini, ikanyamaza kabisa. Nami nikaufurahia ule ukimya, nikasema alhamdulillahi, imepona.

Siku mbili baadaye nilipitia kibandani kukaza breki. Fundi Likwata akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akainamisha sikio. "Mbona imenyamaza?" Nikamwambia imekolea mafuta. "Mafuta gani?" Nikajibu, "Ya cherehani, fundi, uliyosema." Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu alinikataza, na nilikuwa najiona nimemzidi maarifa, na nilitaka nije nimwonyeshe baada ya mwaka friwili isiyo na kutu nimwambie ona. Ni hivyo tu. Akalizungusha tena, kisha mteja akamwita. Mafuta ya korosho yakipigwa na jua hayabaki mafuta. Yanakuwa gundi, kisha yanakuwa kitu kigumu, ndiyo maana nguzo haziliwi. Hilo nililijua tangu mtoto. Nililijua, na sikulifikiri.

Ijumaa ya nne nilikuwa jikoni na Bi Mwanahawa, jiko la nje lenye ukuta wa mianzi, yeye anakoroga kisamvu, mimi nakuna nazi, Rukia anacheza na vifuu. Shaibu alikuwa upande wa pili wa ukuta na mwenzake, wanazungumza kazi ya huko Msumbiji, kaka yake amemwitia biashara. Hakujua nimefika. Akasema, "Jumamosi ijayo navuka. Na mtoto navuka naye. Nikishavuka Ruvuma, mama yake atashtaki kwa nani? Kule hapajui." Mwenzake akamuuliza kama si vibaya. Shaibu akasema, "Mtoto ni wangu, nimemwibia nani?" Mkono wangu ukabaki juu ya mbuzi, nazi imeshikwa. Bi Mwanahawa naye akaacha kukoroga. Wale wawili wakaondoka, tukasikia viatu vyao vikiishia, na kisamvu kikaanza kushika chini.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia, mama."

Akatia maji chunguni, akakoroga, akapunguza kuni. Kisha akaanza kusema bila kunitazama. "Huyu mtoto mchana anacheza, kila mtu anasema kazoea. Mimi ndiye ninayelala naye. Akilala anaita mama. Hamwiti baba yake, haniiti mimi. Nami nilijifanya sisikii." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Ijumaa ijayo, wakati wa swala, mwanamume hata mmoja hatabaki mtaani. Adhana ikilia, uwe pale nyuma ya choo, penye mkorosho. Nitakuletea mtoto kavaa, na nguo zake. Wewe ondoka. Wakitoka msikitini nitasema kaenda kucheza kwa jirani, na mpaka wagutuke utakuwa mjini kwenye watu wako." Nikataka kumbusu mikono, akaniondolea. "Usinishukuru. Usichelewe. Nikikutwa na mtoto kavaa na mfuko mkononi, mimi sina nyumba ya kwenda."

Wiki ile sikumbuki nilikula nini. Nakumbuka nilifua shuka la Rukia mara mbili. Nakumbuka niliosha kile kiti cha plastiki, nikakitandikia kipande cha godoro. Friwili nikaiongezea mafuta kidogo, kwa usalama.

Ijumaa yenyewe nilitoka alfajiri. Mpaka Madimba baiskeli ilikwenda kama kawaida, ila mara moja moja nilikanyaga na pedeli ikaruka, kisha ikashika. Nikasema mnyororo. Nikapunguza upepo, nikaingia mchangani. Jua lilikuwa limekwishapanda, chuma chote kimekuwa cha moto, na ghafla nikakanyaga na miguu ikaenda bure. Pedeli zilikuwa zinazunguka, mnyororo unazunguka, meno yanazunguka, na gurudumu limesimama. Nikakanyaga tena. Bure. Nikashuka, nikazungusha kwa mkono, nikaweka sikio. Kimya. Vijiulimi vilikuwa vimelala kwenye gundi yangu. Nilijua pale pale, hakuna aliyeniambia. Nikapiga friwili kwa jiwe. Nikaimwagia maji yangu ya kunywa. Nikaimwagia maziwa niliyombebea mtoto. Nikapiga tena mpaka jiwe likapasuka, nikaanza kuitukana, kisha nikaanza kuiomba, naisemesha kama mtu, nipeleke tu, nipeleke leo tu, kesho ufe. Pikipiki moja ikapita, ina abiria wawili na gunia. Nikasimama katikati ya njia na mikono juu. Dereva akanikwepa, akasema, "Dada, unaona mwenyewe, nikuweke wapi?" Akaenda.

Nikaanza kusukuma. Na hapa ndipo penye neno ambalo sijapata kumwambia mtu, si Bi Mwanahawa, si fundi. Ningeitupa baiskeli pale na kukimbia, ningewahi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa na miguu. Lakini niliisukuma. Ilikuwa nzito, tairi laini zinazama, na mimi nasukuma, kwa sababu kile kiti kilikuwa juu yake, na akili yangu haikuweza kumwona Rukia akirudi mjini bila kile kiti. Miezi mingi nilikuwa nimechagua kila kipande cha ile baiskeli kwa ajili yake. Sikuweza kuiacha. Friwili ilinichelewesha, ndiyo, lakini kilichonipotezea mtoto ni kwamba sikuiachia mikono.

Rukia nilimwona tena akiwa na miaka kumi na minane. Kwenye msiba wa bibi yake alikuja na watoto wake wawili, mwanamke mrefu, Kiswahili chake kina lafudhi ya huko, maneno ya Kireno yanachungulia humo. Alinipa shikamoo, akanipa chai, akaniuliza kama sukari inatosha. Ananiita mama, hana tatizo na hilo, ana adabu nzuri. Wakati wa kuondoka alinipa mkono kama alivyowapa wageni wote. Sina wa kumlaumu.

Adhana ya siku ile ilinikuta nikiwa bado naona minazi ya kijiji kwa mbali. Spika ya msikiti wao ilikuwa na nguvu, na upepo ulikuwa unatoka baharini, kwa hiyo swala yote niliisikia. Hotuba ikaanza. Nikajiambia hotuba ni ndefu, nitafika. Nikasukuma. Imamu alikuwa anazungumzia subira, nakuapieni, na sauti yake ikanisindikiza mchangani hatua kwa hatua. Swala ikakimiwa. Nikasema, bado, bado kuna rakaa mbili. Alhamdu ikaanza, na wanaume wote wakaitikia amina, na mimi nikaitikia nalia, nikaomba dua ambayo sidhani kama inafaa kuombwa, kwamba imamu asahau, arudie, asome sura ndefu kuliko zote. Akasoma fupi. Rakaa ya pili. Nilikuwa nimefika nyumba za mwanzo, nasukuma na kukimbia, kandambili moja imebaki mchangani. Kimya kikaingia, wamekaa. Kisha nikasikia salamu ya kulia. Kisha ya kushoto.

Kwenye mkorosho hapakuwa na mtu. Nikaingia uani kwa nyuma, na Bi Mwanahawa alikuwa amepiga magoti mkekani, Rukia mbele yake, kavaa gauni la Idd, nywele zimesukwa, mfuko wa nguo umesimama pembeni. Alikuwa ndiyo anaanza kumfungua vifungo vya gauni. Alikuwa amenisubiri mpaka salamu, na sasa vifungo vilikuwa vinamshinda. Akaniinulia macho. Kabla sijasema neno, mlango wa mbele ukagonga ukuta na Shaibu akaingia uani, kanzu, kofia, msala begani.

Akatutazama wote. Mtoto kavaa. Mfuko. Baiskeli. Mimi natiririka jasho, mguu mmoja peku. Bi Mwanahawa akabaki kashika kifungo, hapumui. Nikangoja mwanawe aanze kupiga kelele. Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, tena kwa wema.

"Kumbe umepata habari," akaniambia. "Umekuja kumuaga."

Ningesema kweli, ningemtupa yule bibi barabarani. Macho yake yalikuwa usoni pangu. Nikasema, "Ndiyo. Nimekuja kumuaga."

"Vizuri. Mimi nilidhani utaleta fujo." Akaona mfuko tena, akacheka. "Na mama kamfungia mizigo kabisa! Mama, umenipunguzia kazi."

"Nimemwandaa mapema," Bi Mwanahawa akasema. Sauti haikuwa yake.

Shaibu akatazama jua, akafikiri. Akasema kama mtoto yuko tayari hakuna haja ya kungoja kesho, boti ipo, maji yanajaa, wanaweza kuondoka sasa hivi. Akaniletea maji ya kunywa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatoka kwenda kumwita mwenye boti. Ndipo Bi Mwanahawa aliponishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka ikauma, akaniapisha yale niliyowaambia mwanzo. Hakuniuliza kilichonichelewesha.

Shaibu aliporudi alikuta Rukia bado peku. Akaniomba nimvishe viatu, kwa kuwa mimi ni mama yake na yeye gidamu zile zinamshinda. Nikapiga magoti. Nikavaa utulivu ili mtoto asiogope. Nikaanza na cha kushoto, vidole vyangu vilivyochubuliwa na korosho haviwezi kushika kitundu, gidamu inatoka, natia tena, inatoka. Rukia akaweka mkono kichwani pangu ili asianguke. Na baba yake, amesimama juu yetu na mfuko begani, akaniambia taratibu nisijihangaishe, nimvishe polepole tu, hawana haraka.